Dakika Tatu

Mwenzio akipoteza mpira, hukai kwenye begi
ukinywa maji na kutazama saa.
Unaingia naye majanini.
Haya sikufundishwa na wakubwa wa klabu.
Nilifunzwa na Mhina, mkata nyasi, mwaka nilipostaafu forodhani:
"Mpira wa mtu ni kama mtoto wa jirani.
Akipotea, hata uliyenuniana naye hutoka na taa."

Basi Jumamosi ile, shimo la saba,
pale uwanja wa Tanga unapopinda kuelekea baharini
na ukoka unaisha, mbigiri zinaanza,
Semkiwa akapiga.
Mpira ukapanda vizuri, ukatwaa upepo, ukakata kulia
kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.
Tukasikia chwaa, kisha kimya.

"Una alama?"
"Una nukta ya piko. Mke wangu huyo.
Akibakiwa na piko ya harusi ya watu, hakosi wa kumpaka."

Tukaingia. Mimi, yeye, na Kombo mbeba fimbo,
kijana wa Chumbageni asiye na maneno.
Nikabonyeza saa. Dakika tatu; sheria haijui goti bovu.
Tukawapungia wawili wa nyuma wapite,
wakapita wakitupa pole kama wapitao msibani,
mmoja akaachia utani: "Mkiukosa, rudini na mchicha."

Dakika ya kwanza tulichokoa kwa fimbo,
polepole, kama mtu achaguaye mchele wa wageni.
Usikanyage ovyo. Usiseme, "si ungepiga na chuma."
Usimtajie hesabu zake, anazijua.

Na mimi nilizijua zangu:
nilikuwa nyuma kwa pigo moja,
na kilo tano za sukari zilitungoja kaunta.

Dakika ya pili, kiatu changu cha kushoto
kikakaa juu ya kitu kigumu, cha mviringo.

Sikuinua mguu.

Naandika kama ilivyokuwa, kwa mkono huuhuu
uliogonga mihuri bandarini miaka thelathini na moja
bila kula shilingi ya mtu:
sikuinua mguu.
Nikainama, nikapekua majani ya mbele, ya nyuma,
nikasema, "Wapi, jamani," nikasema, "Hebu tazama kule kwenye mkonge,"
sauti tamu kama ya muuza halua.
Semkiwa akaenda kwenye mkonge.
Mwiba ukamkwaruza mkono. Akarudi anacheka.
Kombo hakucheka. Kombo alikuwa anatazama kiatu.

"Zimetimia," akasema Semkiwa mwenyewe,
maana mimi saa nilikuwa nimeisahau.
"Umepotea huo. Ahsante kwa kunitafutia."
Akageuka kurudi alikotoka,
mita mia mbili za jua la saa saba,
goti likimvuta upande,
kwenda kupiga mwingine.

Hapo ndipo nikainua.

Jiwe.
Tumbawe tu, maji ya zamani yamelilamba likawa duara,
kubwa kidogo kuliko yai la kwale,
halina nukta, halina mwenyewe.

Nimeutafuta mstari wa hili kwenye kitabu cha sheria, haumo.
Sikuficha mpira. Mpira haukuwapo.
Nilikalia jiwe dakika nzima
kama kuku juu ya yai la chokaa,
nikilitia joto.

Nilishinda. Semkiwa alinipa mkono kwa nguvu,
ule wenye mkwaruzo.
Sukari ipo kabatini na karatasi yake,
mke wangu anauliza mbona nakunywa chai chungu.

Na Kombo, jioni ile, kama kawaida yake,
alichukua viatu vyangu kuvifuta pale ngazini.
Cha kulia alikisugua mpaka kikang'aa.
Cha kushoto akanirudishia kama kilivyo.