Boksi Chini ya Injini

Siku ya nne tangu Nderingo aondoke
na begi la shule lenye nguo mbili,
petroli bado ilikuwa inapungua.

Nikatikisa pikipiki, sikio kwenye tanki,
kama mtu anayechagua nazi Mbuyuni.
Jioni niliweka lita mbili.
Asubuhi yamebaki ya kunifikisha Kiboriloni,
si ya kurudi.
Mwizi gani huyu anaiba Pasua akiwa Himo?

Basi nikaigeukia pikipiki yenyewe.
Nikaifuta kwa tambara mpaka ikaona haya.
Usiku nikatandika boksi la sabuni chini ya injini,
nikaandika kwa mkaa: mbele, nyuma, kulia, kushoto.
Eliaichi akahamishia jiko upande wa jirani,
akasema, "Usije ukaniachia ujane wa kijinga."

Alfajiri, doa moja. Kushoto.
Pana kama kisahani cha chai,
limekauka pembeni, katikati bado linanuka.

Si tanki. Nililipapasa mshono wote wa tumbo,
nikapaka sabuni ya mche pale palipolowa.
Ulikuwa umande.
Si mpira. Nimeukunja, haujapasuka, klipu imeuma.
Nikachukua pauda ya mtoto, nikainyunyiza kwenye kabureta
(Eliaichi hakujua; sasa anajua),
nikakalia ndoo, nikasubiri.
Ikabaki nyeupe juu, nyeupe ubavuni,
kisha pale kwenye kibomba chembamba cha chini
ikageuka uji.

Kabureta ilikuwa inafurika.
Imeshiba, haijui kusema basi.

Nikafunga koki. Nikahesabu mpaka mia tatu.
Tone likakoma.
Nikafungua. Likarudi, bila haraka,
kama mdai anayejua unapolala.
Nikafunga tena, na hapo mkono wangu
ukabaki juu ya koki.

Kwa sababu Nderingo alikuwa anafunga.
Kila usiku wa zamu yake, kabla hajavua helmeti,
nilisikia ule mlio mdogo, tik,
nikamcheka: unafunga kama bomba la shule!
Mimi huiacha wazi. Kesho si naifungua tena?

Nikaenda kwenye daftari.
Jumanne, yake: mafuta yametimia.
Jumatano, yangu: pungufu ya elfu mbili na mia tatu.
Alhamisi, yake: yametimia.
Ijumaa, yangu.
Na pembeni, kwa mwandiko wangu,
nimekandamiza kalamu hadi ukurasa wa pili:
*N. ananyonya mafuta.*

Nilimwambia anyooshe mikono mbele ya mama.
Ilinuka petroli.
Ya nani isingenuka,
kila usiku inashika koki iliyolowa?

Skrubu nne; ya tatu imeliwa kichwa,
ikanimaliza asubuhi nzima na ngozi ya kidole.
Ndani ya bakuli, kutu, na maji kidogo.
Chini ya sindano chembe moja, ndogo kuliko ulezi,
na ncha yenyewe imechimbika kijiduara
kwa kufunga vibaya muda mrefu.

Fundi Msofe akaniuzia sindano mpya, elfu nne.
Akaipuliza, akaniangalia.
"Ilianza lini?"
Nikasema sijui.

Leo boksi limelala kavu.
Koki nimeifunga hata hivyo.
Nimepiga simu Himo mara mbili; ya tatu akapokea.
Maneno nilikuwa nimeyapanga juu ya gazeti
kama vipande vya kabureta, kila kimoja na nafasi yake,
lakini wakati wa kuyarudisha nikakuta mengine yamezidi
na moja halionekani.

Nikasema tu, "Ilikuwa sindano."

Upepo wa Himo ukavuma ndani ya simu.
Mtu akapita anauza mahindi.
Kisha akauliza, "Na koki?"

"Nafunga," nikasema.
"Siku hizi nafunga."