Jumanne, Juu ya Duka la Dawa

Mvua imeushika mji wa Biella tangu alfajiri,
na mwalimu wetu Tiziano, kijana aliyeosha vyombo miaka minne
katika hoteli moja ya Cardiff,
anatuuliza: nani ananyesha?
Tunatazamana.
Kwetu husemwa neno moja, "piove", likatosha,
hakuna anayetakiwa kumtaja mhusika.
Waingereza, asema, hawaruhusu kitenzi kitoke nje bila mwenyewe.
Lazima kitanguliwe na "it",
kadudu ka herufi mbili, kasiko na sura wala ukoo,
kanakosimama mlangoni tu ili pasiwe patupu.
Fundi Gualtiero, aliyepiga lipu nusu ya mji huu,
anauliza kama huyo "it" analipwa.

Nina miaka sabini na mmoja.
Hilo nalo ni kosa. Kwao mtu hana miaka,
mtu huwa miaka: mimi ni sabini na mmoja,
kama vile mwingine alivyo mrefu, au kiziwi.
Nikasema afadhali kuwa nayo,
kilicho chako waweza kukificha kabatini.
Tiziano akacheka, akaniandikia tena ubaoni.

Nasoma kwa ajili ya Owen.
Binti yangu amezalia Bristol, na mtoto, miaka sita,
hunipigia simu kila Jumapili,
maneno yakimtoka kama shanga zilizokatika uzi,
nami hujibu yes, yes, yes,
hata siku ile aliyouliza, nilikuja kuambiwa baadaye,
kama babu bado amelala.

Adui yangu ni ile s.
Mimi nafanya: kitenzi hakina mkia.
Wewe, hakina. Sisi, wao, hakina.
Yeye peke yake, akifanya lolote, kitenzi chake huota mkia.
Wiki kumi na moja nimeusahau,
mimi niliyesimamia mitambo ya kufuma sufu miaka thelathini,
niliyeuona uzi mmoja uliokatika kati ya elfu mbili
kabla mtambo wenyewe haujajua.

Kazi ya nyumbani: sentensi kumi kuhusu mtu mmoja wa kwako.
Niliandika usiku, jikoni,
kamusi imeegemea chupa ya siki.
Ermes anaamka saa kumi na moja. Mkia.
Anakohoa. Mkia.
Anaitia saa ya ukutani ufunguo, kisha anaitukana.
Anaongeza chumvi kabla ya kuonja.
Anaficha sigara ndani ya buti la kupandia mlima, anadhani sijui
(hapo mikia miwili; "sijui" ni yangu, haina).
Kumi zote. Hakuna hata mmoja ulioniponyoka.

Tiziano anasoma daftari, kalamu nyekundu iko hewani.
Anajua. Mji wenyewe huu mdogo.
Novemba alisimama nyuma kabisa kanisani, viatu vimelowa,
akanishika mkono bila kupata la kusema
katika lugha yoyote.
Kila sentensi ni sahihi, na kila moja ni uongo.
Kalamu inakaa hewani.
Gualtiero anafuta miwani iliyo safi.
Mwisho Tiziano anaandika pembeni: kumi kwa kumi.

Halafu anageukia ubao. Wakati uliopita.
Mkia ule, anasema, ametupa kisogo, huku hudondoka.
Nilifanya, alifanya, walifanya: kitenzi ni kilekile,
hakibagui.
Nanakili. I worked. He worked.
Naziweka moja chini ya nyingine,
nami natazama: zingelingana kabisa,
ila yake imezidi kwa herufi moja.

Jumapili nitamjibu Owen. Nimekwisha kuanza kuipanga,
babu kwanza, maana kitenzi hakitoki bila mwenyewe.

Mlangoni Gualtiero anafungua mwavuli wake mkubwa wa kazi,
ananisogezea upande usiotoboka,
anatazama juu.
Bado yuko zamu, anasema.
Na wala hawamlipi.