Taja Bei Yako

Fomu inasema: taja bei yako.
Serikali ya Texas inanunua leseni za kamba,
na atakayetaja kidogo ndiye atakayenunuliwa.
Mnada wa kinyumenyume. Tunashindana kushuka.

Khuê, mke wangu, ameshika kikokotoo.
Dizeli. Barafu. Nyavu za mwaka juzi.
Kamba wa kufugwa kutoka ng'ambo
waliotushusha hadi dola na ushee kwa ratili.
"Andika elfu tisa."
Naandika kumi na mbili. Nafuta.

Hakuna kisanduku cha magoti haya,
wala cha usiku ule walioninyooshea bunduki gatini
wakiniambia ghuba ya Matagorda ina wenyewe;
wala cha Lộc, daktari wa meno huko Houston,
niliyemsomesha kwa kamba
na leo hagusi kamba.

Hukatikia pabovu, kamba.
Saa nne nikatia sahihi: elfu nane.

Nikaamka saa tisa za usiku kama kawaida,
nikavaa buti,
nikakaa jikoni nazo miguuni
mpaka Khuê akaja, akaziona,
akamimina kahawa
kikombeni, si kwenye chupa.