Karatasi ya Viazi

Usiku wa ishirini na saba ningali nikishona,
kanzu za watoto wa Kuze zimenizunguka
kama wageni wasiotaka kuaga,
nikamtuma Twalib viazi vya karai kwa Khelef.
Akarudi navyo vimefungwa ukurasa wa kitabu.
Nikala, na kati ya tonge na tonge nikasoma:
mwanamke mmoja, jina lake limezamishwa na ukwaju,
amesimama mlangoni, ana barua mkononi,
na hajaifungua.

Hajaifungua! Na ukurasa umekwisha.

Nikatupa leso kichwani, nikashuka mwenyewe.
“Khelef, kitabu hiki umekitoa wapi?”
“Kwa kilo, Bi Salha. Pale Mwembe Tayari.”
Kilikuwa chini ya meza, hakina jalada,
kimeliwa tangu bismillahi yake
hadi ukurasa wa tisini na nne.
Wangu mimi ulikuwa wa themanini na nane.
Karatasi tatu zimeondoka na wateja;
mtu hapa mtaani amejifutia vidole
na yaliyoandikwa ndani ya ile barua.
Nikampa Khelef shilingi hamsini na gazeti la juzi.
Akaguna: “Gazeti halinywi mafuta sawasawa.”

Leo Idd pili.
Jana sikuwa mtu, nilikuwa sinia.
Sahani ziliingia, sahani zikatoka:
biriani ya Bi Maimuna, tambi za watu wa ghorofani,
mkate wa sinia wenye hiliki ya kumfanya mtu asamehe deni,
na vileja, vileja,
hadi ndani ya droo ya cherahani.
Sahani ya jirani hairudi tupu, ndiyo ada.
Lakini mimi nilitaka, kwa saa mbili tu,
nirudi tupu.

Nikafunga vipande vitatu vya mkate
katika kitambaa kilichosalia kwenye kanzu ya mtu,
nikapanda tuktuk mpaka Jomvu Kuu,
nikateremka mikokoni, viatu mkononi.

Tope lilinuka yai na chumvi. Sikuudhika.
Mwezi mzima macho yangu yamekuwa matundu ya sindano,
hayapitishi ila uzi;
hapa yakapitisha kijani kisichouzwa kwa yadi
mtaa wa Biashara, kwa bei yoyote.
Nikakaa juu ya mzizi uliopinda kama goti.
Chaza wakanichoma. Nikasogea.
Nikafungua tisini na tano.

Huyo mwanamke sasa yuko Tanga, anauza vitenge,
na kila mtu mle kitabuni anajua barua ilisema nini
ila mimi.
Nikasoma. Kaa mwenye gando moja kubwa akatoka,
akanipungia kama karani anayekataa fomu,
akabeba chembe ya mkate, akazama nayo shimoni.
Nikasoma. Kulastara naye alikuwa akisoma maji,
tena hodari kuliko mimi: haruki mstari.

Ndipo nikautoa mfukoni ule wa viazi,
nikauinua juani, kwenye upenyo wa majani ya mchu.
Mafuta yameufanya kioo.
Themanini na saba ikajitokeza ndani ya themanini na nane:
asubuhi anapepeta mchele, anacheka,
jioni amesimama mlangoni,
na kicheko kinapita katikati ya barua
herufi zake zikiwa kinyumenyume.
Sikujua kitabu kinaweza kufanya hivyo.
Nadhani na aliyekiandika hakujua.

Maji yakaja bila hodi. Bamvua.
Mwezi ule mwembamba tuliopandia mapaa kuutafuta,
tukabishana, tukapigiana simu,
ndio huo unaoyavuta, mpaka visigino vyangu.
Nikakunja miguu. Nikala kipande cha mwisho.
Kidole kikaacha alama ya samli pembezoni.

Simu ikalia. Suruali ya mtu imekuwa ndefu.
Nikasema niko mbali.

Kutoka Jomvu hadi Kuze si mbali.
Nilikuwa ukurasa wa mia na kumi na mbili.