Mtoto wa Kutumwa

Nambari yangu ni elfu moja na saba.
Ndiyo inayonitambulisha kwa seva ya bohari ya dawa, Wete,
chumba cha nyuma, feni moja, dirisha la kioo cha rangi ya maziwa.
Sifuri, mwenye nyumba, ni Bwana Shaame,
naye kahamishiwa Unguja tangu Mfunguo Mosi,
kaondoka na nywila kichwani
kama mtu aliyesahau kurejesha ufunguo wa choo.

Nilimwandikia. Kuna programu mpya ya kuhesabu dawa,
naogopa kuiachia ukumbini ikavunja vyombo vya zamani,
nataka kuifungia chumbani kwanza, niitazame tabia.
Akajibu: Vuta subira.
Nikaivuta siku kumi na mbili.
Dawa ya homa ya watoto ikaisha Micheweni
na daftari bado linasema imejaa.

Basi nikajenga chumba kwa mikono ya mpangaji.
Ndani ya chumba kile mimi ni sifuri:
nahamisha kuta, nabadili makufuli, najiita bwana.
Nikitia mguu nje, elfu moja na saba,
sina hata haki ya kusogeza kiti.
Ufalme wa mtu aliyejifungia kabatini.

Na chumba kilikuwa kiziwi.
Programu inaita, hakuna anayeitika.
Kuivutia waya hadi kwenye mtandao
ni kazi ya mwenye nyumba,
na mwenye nyumba anavuta subira yake Unguja.

Nikamkumbuka shangazi Mwanamvua, Limbani,
mwaka aliokaa eda.
Miezi minne na siku kumi hakuvuka kizingiti
na nyumba haikukosa chumvi.
Nilikuwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyekuwa mlango wake.
Ananinong'oneza: nusu kilo ya sukari,
na umuulize Msellem kama deni la marehemu kaliandika.
Nakwenda mbio, nasema kwa sauti yangu,
nanunua kwa jina langu,
na Msellem ananikabidhi mimi,
hajui, au hataki kujua,
ni mkono gani utakaofungua kifurushi.
Nani kakutuma?
Nimekuja mwenyewe.

Ndivyo nilivyofanya. Nikatia mfereji wa uongo chumbani,
na upande wa pili nikamkalisha mtoto wa kutumwa,
programu ndogo isiyo na cheo, elfu moja na saba kama mimi.
Chumba kinamwaga vifurushi mferejini
kikidhani kinasema na lango kuu,
kumi, sifuri, mbili, mbili;
kumbe ni mtoto,
anafungua kila kifurushi, anasoma anwani,
anakwenda dukani kwa miguu yake kama mteja yeyote,
anarudi na jibu, analifunga upya, analimwaga ndani.

Kasoro zake nazijua. Si mwepesi, hukimbia akihema.
Ukimwambia apige hodi tu, aone kama mtu yupo,
hawezi: hodi tupu ni haki ya wakubwa.
Na mgeni wa nje hamfikii aliye ndani
mpaka nitoboe kidirisha mimi mwenyewe,
tena juu, elfu nane na themanini,
maana vya chini, hadi elfu moja na ishirini na tatu, vina wenyewe.

Saa nane usiku, umeme haujakatika bado,
chumba kikauliza kwa mara ya kwanza.
Nikahesabu kimoyomoyo, kama shangazi alivyohesabu
nyayo zangu zikirudi uchochoroni.
Kumi na moja. Kumi na mbili.
Likaja jibu: Micheweni, dawa ya homa ya watoto, hakuna.
Sijapata kufurahia "hakuna" namna ile.

Asubuhi, barua kutoka Unguja:
Ombi lako linashughulikiwa.
Nikaikunja mara nne,
nikaitia chini ya mguu wa meza unaocheza.