Awamu ya Pili

Mwaro alirudi Jumapili alfajiri, kiatu kimoja hana,
mkononi utepe wa bluu umeandikwa MSHINDI.
Siku tatu kwenye ukumbi wa hoteli, Barabara ya Casuarina,
mapazia yamefungwa, simu zimekusanywa ndooni,
elfu kumi na nane: makava ya simu aliyouza tangu Pasaka.

Alinieleza akiwa amesimama. Hakutaka kukaa.
Kwamba Kocha Fanaka si daktari, wala hahitaji;
yeye "ameamka".
Kwamba usiku wa pili walilia hadi sauti zikakauka,
na aliyenyamaza aliwekwa katikati ya duara
akapigiwa kelele mpaka akavunjika,
na kuvunjika ndiko kuzaliwa.
Kwamba vidonge vyake vya miaka miwili
ni woga uliofungwa kwa karatasi ya fedha.
Walimpigia makofi alipovimwaga chooni.
Watu sitini na wanne. Aliwahesabu.

Siku ya nne aliandika ukutani kwa mkaa: MIMI NI SIMBA.
Ya tano akampigia mama, akamwambia amemsamehe kwa kumzaa.
Ya sita akagawa makava yote soko la zamani, bure,
na watu wakapokea. Nani angekataa?
Halali, hali.
Macho kama taa ya duka
ambalo mwenyewe amesahau kuizima.

Nikapiga ile namba ya kwenye bango.
"Hiyo ni nafsi ya zamani inakufa," kijana akasema, "usimzuie."
Nikamwuliza: na ikifa naye?
Akasema mtandao unakatika.

Siku ya tisa tulimkuta Maweni, akiyahubiria matofali.

Hospitalini, muuguzi mfupi, kalamu sikioni,
hakuuliza ndoto yake, wala adui wake wa ndani.
Aliuliza: "Mara ya mwisho ulilala lini?"
Mwaro akafungua mdomo. Akaufunga.
Akalia, na safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Sasa ni Novemba. Jioni naweka kidonge kwenye kifuniko cha chupa.
Kuna siku anameza, kuna siku tunakaa tu kukitazama.
Jana akaniuliza, "Dada, mimi ni nani hasa?"
Nikasema: wewe ni Mwaro wa Ngala,
unapenda mahamri yaliyolala,
na deni la Mama Sidi hujalipa.
Akacheka kidogo.

Simu yake nimeificha kwenye kopo la unga.
Leo asubuhi imelia humo ndani:
Mshindi, awamu ya pili inaanza. Punguzo asilimia thelathini.
Njoo na umpendaye.

Nikaenda, unga mikononi,
kuangalia kama amelala.