Jua la Nagoya

Bi Mwanatumu aliingia karakana yetu Makupa saa moja asubuhi,
sare ya ukunga ingali mwilini, macho mekundu ya kukesha.
"Fundi, gari langu halijui usiku.
Ikikaribia saa tano, mimi naitwa wadini,
kioo hiki chawaka cheupe pe,
kama mlango wa friji uliofunguliwa usoni.
Juzi daraja la Nyali sikuliona.
Niliona mwanga, na ndani ya mwanga, honi.
Na nikishaswali adhuhuri, nikitoka,
jua utosini, chenyewe chavaa buibui."

Nikabonyeza. Menyu yote ya Kijapani.
Chengo, mwanafunzi wangu, akaishika simu juu yake
itafsiri neno moja moja:
Mapambazuko. Machweo. Nyumbani.
Nyumbani: nukta nyekundu, Nagoya.
Kumbe miaka miwili barabara ya Kisauni
imepambazukiwa na jua la watu.

Kabla ya jua nikaanza na saa.
Hakuniomba; fundi hana breki ya mkono.
1:09 nikaifanya 7:09,
nikajifuta mikono kama daktari.

Akainama, akasoma.
"Saa saba? Mwanangu, chai sijanywa,
wataka kunambia adhuhuri imenipita?"

Nikatazama kioo. Nikatazama kivuli cha jeki
kilivyolala kirefu mpaka langoni.
Sita. Kati yetu na wao ni saa sita,
na kati ya namba na ulimi wetu, sita vilevile.
Saa ile, tangu ishushwe Kilindini,
ilikuwa ikisema Kiswahili fasaha
na mimi ndiye niliyeifunza kukosea.

"Kule wadini," akasema,
"fomu yataka sufuri moja na thelathini. Naandika.
Lakini mzazi akiniuliza mwanawe kaja saa ngapi
namwambia saa saba unusu za usiku.
Hiyo ndiyo atakayomhadithia."

Nikairudisha. 1:14.
Zile herufi mbili pembeni, zilizodai ni alasiri,
nikazifunika kwa utepe mweusi wa nyaya,
kipande cha ukucha.

Likabaki jua, nalo halihami
mpaka nyumbani pahame.
Futa? kikauliza, kwa sauti ya mwanamke mpole.
Kidole changu kikasita.
Nani alipaweka pale, jioni gani, akitoka kazini,
mvua inanyesha, mtoto kalala kiti cha nyuma?
"Futa," akasema Bi Mwanatumu,
"ila sema bismillahi. Nyumba ya mtu hiyo."

Nikaandika Kisauni.
Duara likazunguka, likazunguka,
Chengo akaenda kununua viazi karai akarudi,
ndipo ramani ikavuka bahari nzima bila kulowa.

Usiku ule, saa tano na robo, simu.
Nyuma ya sauti yake kitoto chalia, kipya kabisa.
"Fundi, kiko giza."
"Kimezima?"
"La. Giza la kweli, la usiku. Daraja nimeliona lote.
Ila yule mwanamke angali ndani.
Nikiwasha gari tu, anasema neno."
"Mlete kesho nimnyamazishe."
Akafikiri kidogo. Kitoto kikanyamaza, kikaanza tena.
"Muache," akasema. "Mimi humjibu salama."